Madumu Ishirini na Tano na Koplo Mmoja

Saa tatu kasorobo asubuhi ya Jumatano, Mkuu wa kituo alikuwa ameinama ndani ya buti la gari la mtuhumiwa, kichwa ndani, makalio nje, akipima kwa shubiri.

"Zinaingia," alisema, sauti ikitoka nzito kama ya mtu aliyedumbukia kisimani. "Inspekta, andika. Zinaingia."

Inspekta hakuandika. Alikuwa mwanamke mrefu, mchache wa maneno, mwenye miaka ishirini na miwili kazini, na shubiri za Mkuu alizijua: zilirefuka au kufupika kulingana na haraka aliyokuwa nayo.

"Haziingii, afande," alisema Koplo, ambaye tumbo lake lilimtangulia kila mahali kwa hatua moja. "Gari hili hata mimi siingii vizuri."

Gari lenyewe lilikuwa dogo, la samawati, lenye kibao cha mwanafunzi juu ya paa na breki mbili ndani, moja ya mwanafunzi na moja ya mwalimu. Mwenyewe alikuwa mwalimu wa udereva ambaye mji mzima ulimwita Breki, kwa kuwa neno hilo alilitamka mara nyingi kuliko jina la mkewe. Breki alikuwa mahabusu tangu Jumatatu. Kesho yake, Alhamisi, saa tatu asubuhi, alitakiwa mahakamani, na akishasomewa shtaka tu, leseni ya shule yake ingesimamishwa. Alikuwa na wanafunzi kumi na wanane waliokwisha lipa ada, na watoto wanne wa kulisha.

Mlalamikaji alikuwa shemeji yake, mume wa dada yake, mwendeshaji wa vyoo vya kulipia vya stendi ya mabasi. Huyu aliitwa Chenji. Kwa miaka mingi alikusanya sarafu za wateja na kuzimimina ndani ya tangi la plastiki la lita mia tano, lile la kuwekea maji, alilolificha katika chumba cha nyuma. Benki hakuzipeleka, kwa sababu benki ilitaka ada ya kuhesabu sarafu, na Chenji alisema hawezi kulipa mtu ahesabu kitu ambacho yeye mwenyewe anajua kuhesabu.

Maelezo yake yalikuwa mafupi. Ijumaa jioni alifungua kifuniko akaona sarafu zimejaa mpaka shingoni mwa tangi. Sarafu za Jumamosi na Jumapili huzimimina Jumatatu; basi Jumatatu asubuhi, alipofungua ili azitoe zote, alikuta tangi tupu, limebaki na vumbi. Na mng'arisha viatu wa stendi alisema kwamba Jumamosi mchana aliona gari la samawati kwenye mlango wa nyuma, kwa robo saa hivi, na Breki akitoka amebeba ndoo iliyofunikwa kwa taulo.

"Lita mia tano," Inspekta alisema. "Tusibishane. Koplo, dumu la maji la kawaida ni lita ngapi?"

"Ishirini, afande."

"Nenda kwa wauza maji hapo nje. Azima madumu matupu ishirini na tano."

Walipakia. Buti likameza sita. Kiti cha nyuma kilichukua kumi na nne, mawili yakiwa yamelazwa kama wagonjwa. Kiti cha mwalimu na sakafu yake vikachukua manne. Dumu la ishirini na tano halikuwa na pa kwenda, na Mkuu, aliyekwisha anza kutokwa jasho la ushindi, akaamuru Koplo akae kwenye usukani alipakate.

Koplo akaingia kwa shida. Mlango ukafungwa kwa kusukumwa na watu wawili.

"Zimeingia!" Mkuu akapiga paa kwa kiganja. "Lita mia tano, na dereva juu yake! Koplo, unaweza kuendesha?"

"Naweza kupumua kidogo, afande," sauti ilitoka nyuma ya dumu. "Kuendesha sijui."

"Inatosha. Inspekta, kesi imekwisha."

Inspekta akalizunguka gari mara moja, polepole. Alikuwa hajui kinachomsumbua, ila kilimsumbua. Kila kitu kilikuwa kimeenea, na bado gari lile lililoshonwa madumu lilikaa juu ya magurudumu yake kwa raha zake, jepesi kama kikapu.

"Nipe mpaka saa kumi, Mkuu."

"Saa tisa. Na mtoe Koplo."

Kumtoa Koplo kulichukua dakika nane.

* * *

Breki aliletwa chumba cha mahojiano akiwa hana mkanda wala kamba za viatu. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye macho ya kuangalia pembeni kama anayesubiri ajali.

"Jumamosi ulikwenda kwa shemeji yako."

"Nilikwenda kwa dada yangu. Nilimsalimu."

"Na ndoo?"

"Ndoo ya dada."

"Ilikuwa na nini?"

Breki akainama kutazama viatu vyake visivyo na kamba.

"Ilikuwa nzito?"

Breki akajisahau, akashika kiuno. "Mama yangu! Mpaka leo sijanyooka vizuri." Kisha akafumba mdomo, na Inspekta akaona jinsi alivyojilaumu.

"Ndoo moja," Inspekta alisema.

"Moja. Na zaidi ya hapo, mama Inspekta, hata ukinifunga mwaka, sisemi. Mimi nina dada mmoja tu."

Inspekta akamrudisha mahabusu. Pale mapokezi alimkuta huyo dada mwenyewe, mwanamke mfupi aliyevaa koti la kazi, ameleta chakula cha kaka yake kwenye bakuli lenye mfuniko. Polisi wa zamu alikuwa anamkagulia. Macho ya mama yule yalikuwa mekundu. Alimwamkia Inspekta kwa adabu, akaondoka upesi.

* * *

Vyoo vya Chenji vilikuwa jengo la matofali mwishoni mwa stendi. Mlangoni palikuwa na meza ndogo, na juu yake kopo la sarafu na rundo la karatasi za chooni zilizokatwa vipande vya kubana matumizi. Ndani bomba lilikuwa limekauka. Mteja alipewa maji kwa kikombe kimoja, na akitaka cha pili alilipia.

Chenji alikuwa mtu mnene wa shingo, na ufunguo wa chumba cha nyuma ulining'inia shingoni hapo kwa kamba ya kiatu.

"Unalala nao?" Inspekta aliuliza.

"Nalala nao, naoga nao. Nikivua, nauweka chini ya mto."

"Na mkeo analala wapi?"

"Swali gani hilo, Inspekta? Analala na mimi."

Inspekta akalichukua lile kopo, akamwomba Koplo jagi la lita moja, akamimina sarafu za siku mbili mpaka zikafika ukingoni. Kisha akatoka nalo, Chenji akimfuata unyounyo kama mtu anayesindikiza jeneza, wakaenda duka la jirani linalouza sukari na mchele. Mwenye duka akaweka jagi kwenye mizani, akatoa uzito wa jagi.

"Kilo nne na nusu."

"Pima tena."

"Mama, hata ukiniletea mizani ya baba yako, ni kilo nne na nusu."

Koplo alikwisha anza kupiga hesabu kwenye kiganja kwa kalamu. Lita moja, kilo nne na nusu. Lita mia tano... Akapiga mara mbili, akatazama kiganja chake kama vile kimemtukana.

"Afande, hizi ni kilo elfu mbili na mia mbili na hamsini. Tani mbili na robo."

Inspekta akamgeukia Chenji. "Jumatatu ulitaka kuzitoa. Ulizikusudia wapi?"

"Benki. Nilisikia wanabadilisha sarafu hizi, za zamani zitakataliwa. Nikaona bora nilipe hiyo ada yao, ingawa iliniuma."

"Ungezipeleka na nini?"

"Nilikodi lori."

"La tani ngapi?"

"Tatu."

"Kwa nini hukumwomba shemeji yako gari lake? Angekubebea bure."

Chenji akacheka. "Kile kigari? Kingekatika katikati..." Akashika ufunguo shingoni. Koplo akakohoa. Mwenye duka akaanza kufuta mizani ambayo haikuwa chafu.

"Lakini mwizi ana nguvu zake," Chenji alisema, kwa sauti ya chini.

"Mwizi ana nguvu, gari halina. Nionyeshe tangi."

Chumba cha nyuma kilikuwa na dirisha la nondo na tangi jeusi, basi. Inspekta alivua kofia, akapanda kwenye stuli, akaingiza kichwa na tochi ndani ya mdomo wa tangi. Mdomo ulikuwa duara, upana wa kuingiza mabega ya mtu mwembamba. Chini kidogo ya ukingo, pande zote, plastiki ilikuwa imechunika. Ulikuwa mchubuko mmoja, umezunguka sawasawa kama pete.

"Ulipofungua Ijumaa, uliingiza mkono?"

"Niingize mkono wa nini? Niliziona. Zilikuwa hapa, juu kabisa. Nikamimina na za siku hiyo."

"Miezi mingi sasa zilikuwa hapo juu kabisa?"

"Mwaka na zaidi."

"Na kila jioni unaongeza, na hazimwagiki?"

Chenji alichungulia tangi. Swali hilo, kwa mtu aliyejisifu kuhesabu, lilikuwa halijawahi kumpitia.

"Nilidhani zinashuka," alisema hatimaye. "Zinajibana. Zinajipanga."

Inspekta alishuka kwenye stuli. Palikuwa na kitu kilichokaa kwenye shingo ya tangi kwa muda mrefu, kimebana, kimebeba sarafu chache za juu ili mwenye ufunguo azione na kuridhika. Chini yake tangi lilikuwa tupu miezi na miezi. Jumamosi kilichotoka ni kile kifuniko cha uongo na sarafu zilizokuwa juu yake: mzigo wa ndoo moja.

* * *

Mkuu hakutaka kusikia. "Tani ni maneno ya karatasini," alisema. "Mimi nimeona kwa macho yangu zimeingia."

Hapo Inspekta akawaita polisi waliokuwepo zamu waje uani. Akawapanga ndani ya gari: wanne nyuma, wawili mbele, Koplo akiwa mmojawao kwa malalamiko mengi. Gari lilipiga kelele ya chuma. Matairi yakakaa bapa, na bomba la moshi likagusa ardhi.

"Afande, tunashuka au tunazama?" mmoja aliuliza dirishani.

"Sita hao," Inspekta alimwambia Mkuu. "Tuwape kilo themanini kila mmoja, na Koplo tumsamehe zinazozidi. Ni chini ya kilo mia tano. Kufikia uzito wa tangi lile, tunahitaji ishirini na wanane. Kituo hiki kina kumi na tisa, Mkuu ukiwa ndani."

Mkuu alilitazama bomba la moshi. Alilitazama kwa muda.

"Anaweza kuwa alifanya safari nyingi."

"Safari tano au sita, mchana kweupe, katikati ya stendi, akichota kwa koleo? Shahidi ameona safari moja na ndoo moja. Mtu anayetafutwa hakuhitaji gari. Alihitaji muda, na watu wa kuzichukua sarafu kidogo kidogo bila kumuuliza."

"Nani anayetaka sarafu siku hizi?"

Inspekta alikuwa amekwisha vaa kofia. "Makondakta," alisema.

* * *

Inspekta alimkuta kiongozi wa makondakta akila muhogo wa kuchemsha kwenye ngazi ya basi. Alikuwa jitu la sauti kubwa, na alipoulizwa wanapata wapi chenji za kurudishia abiria, sauti hiyo ikapungua ghafla.

"Tunapata tu."

"Kwa Chenji?"

"Yule? Yule jina tulimpa kwa kejeli. Sarafu ikiingia kwake imezikwa."

"Kwa nani, basi?"

Kondakta akatafuna. Akatazama kushoto na kulia. "Kwa Shangazi. Kila asubuhi tunampa noti, anatupa sarafu. Hapo ng'ambo, vyoo vipya. Mwaka wa pili sasa. Mama Inspekta, mimi sijasema kitu."

"Shangazi ni nani?"

Kondakta akamshangaa, kama mtu aliyeulizwa jua linachomozea upande gani. "Si mke wa Chenji! Stendi nzima inajua."

"Chenji anajua?"

"Nani amwambie? Tukimwambia, chenji tutapata wapi?"

Vyoo vipya vilikuwa ng'ambo ya barabara, nyuma ya kituo cha mafuta. Vilikuwa na vigae vyeupe, mabomba yanayotoa maji, ndoano za kutundikia mikoba ya akina mama, na sehemu ya kumbadilishia mtoto nguo. Mlangoni alikaa mwanamke wa makamo aliyeajiriwa kupokea wateja, na nyuma yake, katika ofisi ndogo yenye dirisha moja, Shangazi alikuwa amekaa juu ya kigoda, bakuli tupu la chakula cha kaka yake miguuni. Ukutani lilitundikwa beseni la kufulia, la bati, ukingo wake umepinda kote.

Inspekta alilishusha beseni, akaligeuza. Kwenye ukingo palikuwa na plastiki nyeusi iliyoganda, nyembamba kama uzi.

"Limebeba kazi," alisema.

Shangazi hakujaribu kukana. Alijifuta uso kwa kiganja. "Nilikuwa nakuja huko sasa hivi. Nilitaka kwanza nimalize kulia."

"Anza kunieleza, kulia kutakuja kwenyewe."

"Miaka kumi na moja, dada Inspekta, nakaa kwenye ile meza. Sijapata mshahara hata siku moja. Hilo nilimeza. Lakini pampu ilipoharibika nilimwambia tutengeneze. Akasema maji ni gharama. Mwaka ukapita. Mama mmoja alikuja na mtoto anaharisha, safari yao ndefu, nikampa kikombe kimoja. Kimoja! Alinitazama. Hakunitukana. Angenitukana ningelala usingizi. Nikarudi nyumbani, mume wangu amelala, ufunguo chini ya mto. Nikaenda nikachota ndoo ya kwanza."

"Na ukaendelea."

"Alfajiri kila siku, kabla hajaamka. Nilipoona tangi linapungua, nikapachika beseni shingoni mwake, na kila alfajiri nikaondoa alizoongeza jioni. Nikajenga hivi vyoo tofali kwa tofali. Mchana yeye anapocheza drafti, mimi niko huku. Ijumaa akaniambia lori linakuja Jumatatu. Beseni langu angelijua. Alfajiri ya Jumamosi nikatoa beseni na sarafu za juu yake, nikarudisha ufunguo; beseni nikaondoka nalo, na ndoo nikaificha chooni mpaka mchana, nikamwita kaka. Aliposhika ndoo ndipo nikamwambia. Juzi nilitaka kusema, akanikataza. Alisema wakinipeleka mimi, wanangu watalelewa na mtu anayepima maji kwa kikombe."

* * *

Saa tisa kasoro dakika kumi, watu watano walibanana ofisini kwa Mkuu. Shangazi alisema yote tena, amesimama. Chenji alisikiliza huku mkono wake ukishika ufunguo shingoni.

"Chini ya mto wangu," alisema.

"Chini ya mto wako."

"Mkuu, mmesikia! Amekiri! Mfungeni!" Kisha, kama ambaye masikio yake yamechelewa kufika, akamgeukia mkewe. "Vile vyoo vya vigae ni vyako?"

"Vyangu."

"Wateja wangu wote wamehamia huko!"

"Najua. Mimi ndiye niliyewapokea."

Inspekta alikuwa amefungua faili jipya. "Bwana Chenji, nabadilisha mashtaka. Lakini kwanza nithibitishe mwenye mali. Naomba leseni ya biashara ya vyoo vya stendi."

Chenji alianza kutafuta mifukoni. Alitafuta mifuko ya mbele, ya nyuma, ya shati, kwa utaratibu wa mtu anayeomba karatasi isionekane. Ilionekana. Ilikuwa imekunjwa mara nne. Inspekta akaikunjua, akaisoma, akampa Mkuu. Mkuu naye akaisoma, nyusi zikapanda.

"Hapa pana jina la mwanamke."

"Ni utaratibu tu," Chenji alisema haraka. "Wakati ule nilikuwa mwajiriwa wa baraza la mji. Mwajiriwa haruhusiwi kuomba zabuni ya baraza. Nikaandika jina la mke wangu. Karatasi tu hiyo."

"Na kila mwaka unailipia kwa jina hilo?"

"Karatasi tu."

"Kwa hiyo kwa karatasi," Inspekta alisema, "vyoo ni vya mkeo. Mapato ni ya mkeo. Tangi, sijui."

"Tangi ni langu," Chenji alisema kwa unyonge.

"Tangi lipo. Basi mlalamikaji ninayemhitaji ni mwenye sarafu." Akamtazama Shangazi. "Mama, umeibiwa?"

Shangazi alifikiri. Alionekana anafurahia kuulizwa. "Hapana. Mimi sina malalamiko."

Mkuu akafunga faili kwa kiganja, akampigia kelele polisi wa zamu amlete Breki na mkanda wake. Breki akaingia akifunga kamba za viatu huku amesimama kwa mguu mmoja, akamwona dada yake amesimama bila pingu, akaketi kwenye kiti cha karibu bila kukaribishwa. Alifunika uso kwa mikono, mabega yakamtikisika. Dada yake akamwekea mkono kichwani kama alivyokuwa akifanya walipokuwa wadogo.

"Shemeji," Chenji alisema mwishowe, "unajua ile ndoo... mtu yeyote angedhani."

"Siku tatu, shemeji. Nimelala sakafuni mara mbili."

"Nitakuja kukuomba msamaha nyumbani."

"Njoo na fundi wa maji," Breki alisema bila kuinua uso. "Mtengeneze pampu kwanza. Ukimaliza, ndiyo ubishe hodi."

Waliruhusiwa. Breki alitangulia kulitafuta gari lake. Mlangoni Chenji akabaki nyuma, akimzunguka mkewe kama mteja asiye na sarafu. Inspekta alikuwa akijaza fomu ya kumwachia mtuhumiwa na hakukusudia kusikiliza, ila ofisi ilikuwa ndogo.

"Mama watoto, huko kwako... kazi inaendaje?"

"Inakwenda."

"Nafikiri unahitaji mtu wa kukaa mlangoni. Mtu anayejua hesabu."

"Wa mlangoni ninaye. Ninamhitaji wa kusafisha, zamu ya asubuhi."

"Mshahara?"

"Kila mwisho wa mwezi. Unasaini kwanza."

Chenji akakuna shingo. Kisha akaivua ile kamba ya kiatu, akauangalia ufunguo wa chumba kisichokuwa na kitu, akamkabidhi mkewe.

"Na gambuti," alisema, "mnatoa ninyi, au najinunulia?"